Mfumo Umekataa: Vitenzi vya Kazi katika Mazungumzo ya Mafundi wa Kompyuta wa Kasulu na Kibondo



Mhadhara huu umetokana na sentensi yenye maneno mawili tu. Niliisikia mjini Kasulu, katika duka dogo la steshenari nilimokuwa nikisubiri kutolewa nakala ya hati yangu. Mbele yangu kwenye benchi alikuwapo mzee aliyeondoka kijijini alfajiri akiwa na mjukuu wake na bahasha ya vyeti. Kijana mwenye duka alikuwa akimjazia mjukuu huyo maombi ya nafasi ya masomo ya chuo. Alibonyeza, akasubiri, akabonyeza tena, kisha akamgeukia mzee kwa adabu na kumwambia, "Babu, mfumo umekataa."

Mzee alinyamaza kidogo, halafu akauliza, "Umekataa? Nani kaukataza?"

Tuliokuwa kwenye benchi tulicheka, na mimi nilicheka pamoja na wengine. Usiku nilipolitafakari swali lile niliona kwamba mzee alikuwa ametushinda wote kwa sarufi. Kitenzi -kataa, katika Kiswahili cha kawaida, hudai mtenda mwenye nia. Mtoto hukataa uji, mchumba hukataa posa, ng'ombe hukataa kuvuka mto. Ikiwa kitu kisicho na nia kimekataa, basi yuko mwenye nia aliyekikataza. Mzee alimtafuta mtenda ambaye sentensi ilikuwa imemficha.

Ninachokusudia kueleza leo ni jambo moja. Sisi wataalamu wa istilahi tumetumia miaka mingi kuipa teknolojia ya kompyuta majina. Wanaofanya kazi na mashine hizo, hasa walio mbali na miji mikubwa, wamejitengenezea vitenzi. Katika vitenzi hivyo, kuliko katika majina yetu, ndimo inamoamuliwa nani amefanya kazi, nani amekosea, na nani anapaswa kurekebisha.

Mahali na wasemaji

Kasulu na Kibondo ni miji ya nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, katika nchi ya Waha. Kiha kimo katika kundi moja na Kirundi na Kinyarwanda. Guthrie aliziweka lugha hizo pamoja katika D60, Kinyarwanda kikiwa D61, Kirundi D62 na Kiha D66. Msemaji wa Kiha na msemaji wa Kirundi huelewana bila mkalimani, ingawa kila mmoja humcheka mwenzake kwa lafudhi. Kiswahili hapa ni lugha ya shule, soko, ofisi na mashine.

Kuna jambo jingine linaloitofautisha sehemu hii na wilaya nyingine za bara. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Mtabila, iliyokuwa na Warundi, ilifungwa mwaka 2012. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipoanza kukimbia tena. Mtendeli, iliyo Kakonko, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, ilifungwa mwaka 2021. Kambi huja na mashirika, na mashirika huja na kompyuta, setilaiti, jenereta na watu wa kuzihudumia. Kwa hiyo vijana wengi wa Kasulu na Kibondo waliigusa kompyuta kwa mara ya kwanza katika ofisi ya shirika, wakiingiza majina ya wakimbizi katika orodha za chakula, na hili lilitokea kabla wilaya zao hazijapata gridi ya taifa, iliyowafikia mwanzoni mwa miaka ya 2020. Hadi wakati huo miji hii iliwaka kwa jenereta za dizeli.

Kambi zilileta pia mkondo wa pili wa maneno. Mtanzania hupokea msamiati wa kompyuta kwa njia ya Kiingereza. Mkongo na Mrundi huupokea kwa njia ya Kifaransa. Umeme, kwa mkimbizi wa Kikongo, huitwa kwa neno la Kifaransa ambalo kinywani mwake husikika karibu kama "kura". Fundi wa Kitanzania anayeambiwa kwa mara ya kwanza kwamba "kura imekatika" hufikiri habari ni za uchaguzi.

Ninapozungumzia wafanyakazi wa teknolojia sina maana ya wahandisi wa majengo ya vioo. Nina maana ya fundi simu mwenye meza chini ya mwembe, kijana wa steshenari, wakala wa fedha za simu, mwingiza data wa shirika, na afisa TEHAMA wa halmashauri. Jioni, kazi zinapopungua, hukutana kibarazani kwa mmoja wao na kuzungumza: programu ipi inasumbua, nani kapata mkataba, nani anatafuta mchongo, bosi yupi halipi. Nimeketi nao mara nyingi nikiitwa "Mwalimu", na nilipewa kiti kizuri kuliko nilivyostahili.

Majina tuliyowapa

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo, na marufuku hayo yalichelewesha msamiati pamoja na vifaa: lugha haihitaji neno kwa kitu kilichozuiwa bandarini. Vifaa vilipoanza kuingia kwa wingi, TUKI na BAKITA walijikuta wana deni la miaka.

Deni lililipwa kwa bidii. Mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu ya ofisi ya Kiswahili iliyoitwa Jambo OpenOffice mwezi Desemba 2004. Katika miaka hiyohiyo Microsoft nayo ilikuwa ikiandaa sura ya Kiswahili ya programu zake, na mwaka 2009 Facebook ikapata Kiswahili. Tulipata tovuti, barua pepe, kivinjari, nywila na nenosiri, kipanya na puku, na baadaye kipakatalishi na kishikwambi. Wakenya walishikilia tarakilishi, nasi tukabaki na kompyuta. Nimekaa katika vikao ambamo asubuhi nzima ilipotea kati ya kipanya na puku, na tulipotoka kwenda kula hatukuwa tumeamua.

Sizikejeli kazi hizi, kwani nyingine ni zangu. Hata hivyo, ukizichunguza orodha zetu utaona kwamba karibu zote ni orodha za nomino. Tulikwenda kwenye mashine kama anayekwenda kwenye jumba la makumbusho, tukabandika kibandiko kwenye kila kitu. Fundi haangalii mashine hivyo. Anaiangalia inapofanya kazi, na zaidi inapokataa kufanya kazi. Anahitaji neno la tendo na neno la hali.

Tena kuna ugumu wa kisarufi ambao tuliupita haraka. Ujumbe wa hitilafu katika programu za Kiingereza mara nyingi hauna mtenda. Ni neno moja au mawili na tarakimu. Kiswahili hakiruhusu hilo kirahisi. Kitenzi chetu chenye njeo hubeba kiambishi cha kiima, na kiambishi hicho lazima kipatane na kitu. Watafsiri tulikimbilia i- isiyo na mwenyewe: "imeshindikana", "haikuwezekana". Ni njia halali, lakini haimtoshi mteja aliyesimama mbele ya meza, kwa kuwa papo hapo atauliza ni nini iliyoshindikana. Basi kijana wa steshenari hulazimika kutafuta kiima. Programu nyingi anazozitumia bado humjibu kwa Kiingereza, na yeye huwaeleza kwa Kiswahili, mara mia kwa siku, watu wasioisoma lugha hiyo. Kwa kweli huyo ndiye mfasiri mkuu wa programu za kompyuta katika nchi yetu, na hakuna chama cha wafasiri kinachomtambua.

Vitenzi walivyojipa

Niruhusuni nikae kidogo hapa, maana hapa ndipo penye mali.

Fundi hasemi "kusakinisha mfumo endeshi". Husema kupiga Windows. Baadhi ya wenzangu huona huu ni uvivu. Mimi naona ni Kiswahili kilichokomaa. Kitenzi -piga kimekuwa kikibeba kazi za ustadi tangu zamani: kupiga pasi, kupiga deki, kupiga picha, kupiga plasta, kupiga rangi. Karibu katika zote hizo kuna eneo linalofunikwa au kushughulikiwa lote, kwa mkono wa mtu anayejua. Anayepiga Windows anaifanya kompyuta kama mpaka rangi anavyoufanya ukuta: anakwangua ya zamani, anapaka upya. Neno limebeba maelezo ya kazi ndani yake, jambo ambalo "kusakinisha" halifanyi.

Kurusha ni kupeleka faili, wimbo au salio kutoka simu moja hadi nyingine. Hutumika zaidi katika kauli ya kutendea: "nirushie". Kiambishi -i- kinamleta mpokeaji ndani ya kitenzi, na mrushaji hawezi kukosekana. Ni neno la watu wawili wanaoonana. Kushusha, kwa maana ya kuchukua kitu kutoka intaneti, hakuna mtu wa pili. Kitu kipo juu, kama nazi au chandarua, nawe unakishusha. Tofauti hii ya rusha na shusha, ambayo hakuna kamati iliyoipitisha, inaeleza muundo wa mawasiliano vizuri kuliko baadhi ya vitabu vya kiada.

Kuganda ni neno la mashine iliyosimama bila kuzimika. Mtu atasema ni tafsiri mkopo kutoka Kiingereza, kama ilivyo bila shaka kuchoma CD. Huenda lilianzia huko, lakini lilipofika Kigoma lilipata mwenyeji. Hii ni nchi ya mawese. Asubuhi za baridi, mawese huganda katika chupa, na kila mtoto wa Kasulu anajua kwamba kilichoganda hakijaharibika: kinahitaji joto na subira. Ndiyo maana fundi anapomwambia mteja kwamba simu yake imeganda, mteja hashtuki. Akiambiwa imekufa, hapo hukaa chini.

Na kuna kugoma. "Printa imegoma." Kitenzi hiki kina historia ya jasho. Wafanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1947, na mgomo ukasambaa hadi mbali na bandari. Mgomo ni kataa ya pamoja yenye sababu na madai. Leo neno hilo limehamia kwa mashine. Katika maongezi ya kibarazani nilisikia printa zikigoma, jenereta zikigoma, mtandao ukigoma. Sikumsikia hata mara moja mfanyakazi akigoma.

Sarufi mbili za mtu mmoja

Sasa tulinganishe sentensi tatu ambazo fundi yuleyule anaweza kuzisema kuhusu faili moja. Ya kwanza: "Nimeshindwa kulifungua." Ya pili: "Halifunguki." Ya tatu: "Limekataa kufunguka." Tukio ni lilelile. Katika ya kwanza msemaji ni kiima na kushindwa ni kwake. Katika ya pili, kauli ya kutendeka imemtoa msemaji, na kubaki sifa ya faili: ni faili lisilofunguka, yeyote angejaribu. Katika ya tatu faili limepewa nia. Si kwamba halifunguki tu, bali limeamua. Wanafunzi wa fasihi wataiita tashihisi. Katika duka la steshenari hiyo si tamathali ya semi, ni utaratibu wa kila siku wa kugawa lawama.

Jambo lililonishangaza ni jinsi sarufi hii inavyobadilika kwa kufuata msikilizaji. Jioni, fundi akizungumza na fundi mwenzake, mashine hupoteza nia zote. "Ulichomoa ram ukaisafisha?" "Nilichomoa, nikarudisha, ikawaka." "Nani aliifungua kabla yako? Huyu aliyekaza skrubu hizi hajui kazi." Kila kitenzi kina mtu. Wanatafuta mkono uliogusa, kwa mpangilio wa matukio, kama wazee wanaosuluhisha shauri la mpaka. Hakuna anayesema kompyuta imekataa. Akisema hivyo wenzake watamwuliza kama imempiga pia.

Asubuhi, fundi huyohuyo akimkabili mteja, watu hutoweka ndani ya sentensi. Mfumo umekataa. Mtandao unasumbua. Sava iko chini. Si uongo, na sitaki kumhukumu. Mara nyingi yeye mwenyewe haoni sababu. Ameonyeshwa mstari mwekundu na tarakimu, mtambo wenyewe uko Dodoma au Dar es Salaam au ng'ambo, na hana namba ya kumpigia mtu. Kusema "nimeshindwa" ni kuuza jina lake kwa kosa lisilo lake. Lugha imempa mlango wa kutokea, naye ametoka.

Lakini angalieni neno lenyewe, mfumo. Linatokana na -fuma, kazi ya kusuka nyuzi kuwa nguo. Jirani yake, mtandao, limetoka katika -tanda, na ukoo huohuo una mtande, yaani nyuzi za urefu zinazotandikwa kwanza kabla ya mshindio kupita. Kiswahili kiliziita mashine hizi zisizoonekana kwa maneno ya kitanda cha mfumi. Na nguo haijifumi. Swali la mzee, nani kaukataza, lilikuwa limekaa ndani ya etimolojia likisubiri mtu wa kuliuliza.

Manamba, posho, kujitolea

Mazungumzo ya kibarazani hayaishii kwenye mashine. Zaidi ya nusu ya muda huenda kwenye ajira, na huko nako maneno yana safari ndefu.

Wakati wa ukoloni Buha ilikuwa ghala la nguvukazi. Wanaume walisafiri kwa mkataba kwenda mashamba ya mkonge, hasa Tanga. Kuanzia mwaka 1944 waajiri wa mkonge walikuwa na ofisi yao ya kukusanya vibarua, iliyojulikana kama SILABU. Walioandikishwa waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alikuwa namba. Alipewa kipande, kadi ya kuhesabu siku za kazi, na posho, ambayo wakati huo ilikuwa chakula: unga na maharage. Wako wazee wa Kasulu ambao baba zao waliondoka wakiwa na majina na kurudi wakiwa na hadithi za namba.

Posho imebaki. Haiko tena kwenye gunia. Ni fedha ya siku ya semina, na mwingiza data hulinganisha mashirika kwa posho kabla ya kuuliza mshahara. Mkataba nao umebaki, ila sasa hupimwa kwa mradi. "Mradi umeisha" ni sentensi inayofunga maongezi. Kambi inapofungwa, mradi huisha. Mfadhili anapogeuza sera, kama Marekani ilivyopunguza misaada yake mwaka 2025, miradi huisha kwa mkupuo. Vijana wa Kibondo huhesabu miaka yao kwa miradi jinsi wengine wanavyohesabu kwa mavuno. Hapa tena kitenzi hakina mtu. Hakuna aliyemwachisha kazi. Mradi, kama mshumaa, umeisha.

Neno lililonigusa zaidi ni kujitolea. Kizazi changu kililisikia kwa mara ya kwanza katika ujenzi wa madarasa na visima, kijiji kizima kikibeba mawe. Kiambishi -ji- kilikuwa fahari: mtu amejitoa mwenyewe, kwa ajili ya wengine. Leo mhitimu wa shahada ya kompyuta "anajitolea" katika ofisi fulani kwa mwaka wa pili. Anatengeneza printa zote, anapiga Windows kwenye mashine zote, halipwi, na anangoja tangazo la ajira. -ji- ile ile inamfanya yeye awe kiima na pia shamirisho ya hali ambayo hakuichagua. Anapoulizwa nyumbani analipwa kiasi gani, hujibu "najitolea", na swali linakoma, kwa kuwa neno ni zuri mno kulipinga.

Cheo nacho kina sarufi yake. Mhitimu huyo, ofisini, huitwa "aiti". Watu husema "aiti wetu amesafiri", kwa upatanisho wa viumbe hai. Idara nzima imekuwa mtu mmoja. Mwenzake wa chini ya mwembe huitwa fundi, na baina ya aiti na fundi kuna ukuta ambao haukujengwa na ujuzi. Ukuta umejengwa na lugha. Elimu ya sekondari na vyuo vikuu hufundishwa kwa Kiingereza, na usaili wa kazi mara nyingi huendeshwa kwa Kiingereza. Fundi mmoja alinieleza kwa Kiswahili, kwa nusu saa na bila kukwama, jinsi betri ya simu inavyovimba na kwa nini chaja ya bei nafuu huiharakisha. Alikuwa ameshindwa usaili wiki iliyotangulia. Alipoulizwa kwa Kiingereza ajieleze yeye ni nani, alisema jina lake na kunyamaza. Mimi niliyetahini tasnifu kwa miaka mingi ningempa alama za juu kwa ile nusu saa.

Kwenye benchi

Turudi kwa mzee. Swali lake lilifanya kazi ambayo vikao vyetu havijawahi kuifanya: lilimhamisha kijana kutoka sarufi ya asubuhi kwenda sarufi ya jioni. Aliona haya kidogo, akavuta bahasha, akaanza kulinganisha vyeti kama anavyokagua mashine na wenzake. Nani aliandika hiki? Mwaka gani? Baada ya dakika chache alipata. Jina la ukoo la mjukuu ni la Kiha. Katika cheti cha kuzaliwa limeandikwa kwa bh, kama Waha wengi wanavyoandika sauti hiyo wanapoandika lugha yao. Katika cheti cha shule mwalimu aliandika b, kama Kiswahili kinavyomtaka. Kwa mzee jina ni moja, na linatamkwa namna moja. Kwa mashine herufi ni namba: katika utaratibu wa ASCII, uliokubaliwa Marekani katika miaka ya 1960, b ndogo ni 98 na h ndogo ni 104. Palipo na 98 peke yake na palipo na 98 inayofuatwa na 104 ni watu wawili. Mjukuu wa nchi ya manamba alikuwa amekwama kwa sababu ya namba.

Nani basi aliukataza mfumo? Mwalimu aliyesanifisha jina kwa nia njema. Karani wa vizazi aliyelisikiliza Kiha. Mtengenezaji wa programu ambaye hakuwahi kuelezwa kwamba nchi ina lugha zaidi ya mia moja na kwamba majina ya watu hayakupitia kwa kamati ya usanifishaji. Na sisi, wanaisimu wa chuo kikuu, tuliojua habari za bh na b kwa miaka mingi, tukaziandika katika makala za fonolojia, na hatukuzipeleka kwa mtu yeyote anayetengeneza fomu.

Kutokana na hayo nina mapendekezo machache, nayo ni ya kazi. Orodha zijazo za istilahi za TEHAMA zianze na vitenzi na kauli zake, na wakusanyaji waende vibarazani kabla ya kwenda ukumbini. Wanaotafsiri ujumbe wa hitilafu waiache i- isiyo na mwenyewe pale ambapo sababu inajulikana: "jina hili halilingani na lililo kwenye cheti" ni maneno machache yanayomwambia mtu aende wapi kesho. Na wanafunzi wangu wanaotafuta mada ya tasnifu, majina ya Kiha, Kihangaza na Kisubi katika nyaraka za serikali yanangoja mtu mwenye subira na nauli ya basi.

Kijana wa steshenari alimgeukia mzee mara ya pili. Safari hii alisema, "Babu, herufi hazilingani. Hiki kina bh, hiki kina b. Walikosea kuandika, inabidi mkarekebishe kwanza, ndipo mje tutume upya." Mzee akasema, "Basi hilo ni la watu," akavirudisha vyeti kwenye bahasha kimoja kimoja, akauliza bei. Kijana alimtoza shilingi mia tano za karatasi alizochapa. Kwa maelezo hakumtoza kitu, wala mzee hakufikiri kwamba angetozwa.